Mzee Billy Boston: mtu mmoja, shaba tatu

KASSIM: Haya karibuni tena jamani, mimi Kassim niko Dar, jasho linanitoka hapa feni imekataa, na dada yangu Zuhura yuko Manchester. Da Zuhura, za huko?

ZUHURA: Nzuri kaka, mvua tu. Mvua ya hapa haikatiki wala hainyeshi ya kueleweka, inakuwepo tu kutwa nzima.

KASSIM: Wiki iliyopita ulinitumia picha saa tano usiku, sanamu la mtu anakimbia, limelowa mvua, nikajiuliza da Zuhura kaingia kwenye sanaa lini? Huyo ni nani?

ZUHURA: Huyo ni mzee Billy Boston, au sasa tuseme Sir Billy Boston maana kapewa huo usir, heshima ya mfalme wa Uingereza, Juni 2025, mchezaji wa kwanza wa raga ligi kupewa usir tangu mchezo uanze, na mchezo umeanza 1895 ujue, miaka 130 hiyo. Hilo sanamu liko Wigan, si mbali na hapa ninapokaa, unapanda treni unafika. Mimi nilikuwa nasikia tu jina kazini, kuna mzee mmoja tunafanya naye kazi, ukimtajia Boston anaacha chai yake, nikasema hapana, huyu mtu lazima nikamwone.

KASSIM: Ngoja kwanza, watu wa huku raga tunayoijua ni ile ya kina Kenya sevens, kina Collins Injera. Hii ligi ni ipi?

ZUHURA: Sawa. Ile tunayoiona sana inaitwa yunioni, watu 15 kila upande, sevens imetokana na hiyo. Raga ligi ni watu 13. Zamani ilikuwa raga moja, sasa huku kaskazini mwa Uingereza wachezaji walikuwa watu wa migodini na viwandani, Jumamosi ni siku ya kazi, ukienda kucheza unakatwa mshahara. Klabu zikasema jamani tuwafidie hawa ile siku waliyopoteza, wakubwa wa kusini wakakataa, eti mchezo ni wa ridhaa, hela zitauharibu. Basi Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana hotelini pale Huddersfield, hoteli ya George, zikajitoa. Yaani mgogoro mzima ni wa posho ya mfanyakazi.

KASSIM: Aisee. Hapo mimi nimeshachagua upande.

ZUHURA: Na baada ya hapo ukicheza ligi, yunioni wanakufungia maisha, hurudi. Hilo liliendelea mpaka 1995 yunioni nao walipokubali kulipana. Kumbuka hilo maana ndilo linaloeleza maisha ya Boston.

KASSIM: Kwa hiyo ye ni wa Wigan?

ZUHURA: Hapana, ni mtoto wa Cardiff, Wales, mtaa wa bandarini, Butetown, watu wakiuita Tiger Bay. Kazaliwa 1934, mtaa wa Angelina, baba baharia kutoka Sierra Leone, mama ana asili ya Ireland, nyumba ya watoto 11. Na Tiger Bay ya wakati huo kaka ungefika usingejiona mgeni, kulikuwa na mabaharia wa Kisomali, wa Yemen, wa Afrika Magharibi, wa Karibi, kila meli inashusha watu na wengine hawaondoki tena, wanaoa, wanakaa.

KASSIM: Kama miji yetu ya pwani tu.

ZUHURA: Kabisa. Sasa huyu kijana anacheza yunioni, ana mwili, ana mbio, na mwenyewe amesema alitamani achezee klabu ya Cardiff, mji wake, halafu timu ya taifa ya Wales. Alisubiri waje kumwita. Hawakuja. Akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, fainali ya kombe la jeshi 1953 akafunga trai sita, trai ndiyo lile bao la raga la kukandamiza mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, sita mechi moja.

KASSIM: Sita? Na bado hawakumwita?

ZUHURA: Waliokuja ni klabu ya Wigan, ya ligi. Hii anaisimulia mwenyewe, walifika nyumbani kwao wakaweka hela mezani, paundi 1,000, na mama yake hataki mtoto aende kaskazini, akaona awakatishe tamaa, akawaambia mkitoa 3,000 anasaini. Alijua watainuka waondoke. Wakatoa 3,000.

KASSIM: Mama wa watu kajifunga mwenyewe.

ZUHURA: Na ndiyo kwaheri ya Wales hiyo, jezi nyekundu aliyoiota utotoni hataivaa tena. Mimi hapo ndipo panaponiuma, watu wanahesabu trai, mimi nawaza ile meza, noti ziko pale, mama anatazama, na kijana miaka 18 anajua akishika kalamu mlango wa pili unafungwa.

KASSIM: Hela nyingi lakini kwa wakati ule.

ZUHURA: Nyingi sana, ila si alichokuwa anakitaka. Haya, sikiliza alichowalipa Wigan. Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya timu ya akiba, ya akiba Kassim, wakaja watu zaidi ya 8,000. Akacheza mechi sita tu za timu kubwa akaitwa timu ya Uingereza ya kwenda Australia 1954, ana miaka 19, mchezaji wa kwanza mweusi kwenda ziara ile, akacheza mechi 18 akafunga trai 36.

KASSIM: Mbili kila mechi.

ZUHURA: Mbili kila mechi, ugenini. Na Wigan mpaka anaondoka ni mechi 488 trai 478, ukijumlisha maisha yake yote ni trai 571, aliye juu yake ni mmoja tu, Brian Bevan, Mwaustralia wa Warrington, 796, na Bevan naye ana sanamu lake hukohuko Warrington. Boston alikuwa winga lakini si winga mwembamba wa kukwepakwepa, alikuwa anaweza kukuzunguka na anaweza kukupitia katikati, sasa wewe beki unachagua ufe kwa lipi.

KASSIM: Mwaka 1957 uliniambia kuna kitu cha Afrika Kusini.

ZUHURA: Ee, hicho. Baada ya kombe la dunia kule Australia, timu ikapanga ipitie Afrika Kusini icheze mechi za maonyesho na Wafaransa. Sheria za ubaguzi kule hazimruhusu Boston. Wenzake wakaenda, ye akapandishwa ndege arudi nyumbani peke yake.

KASSIM: Timu ikaenda bila yeye?

ZUHURA: Ikaenda. Hakuna aliyesema kama Billy haendi hatuendi. Ndiyo maana nakwambia lile sanamu si pambo la mji. Nilivyosimama pale uwanja wa Believe, si wa mpira, ni wa wazi wa watu kupita, uko katikati kabisa ya Wigan, watu wanapita na mifuko ya dukani, kuna mama kasimamisha kigari cha mtoto anamfunga kofia chini ya mguu wa Boston, na Boston pale juu anakimbia na mpira wake, maji yanamtiririka kwenye bega yanadondoka. Nikakaa karibu dakika ishirini. Mtu mweusi wa Tiger Bay, kwenye mji wa wachimba makaa ya mawe, na watu wa kule ndio walioamua wawe naye pale kila siku.

KASSIM: Unajua mimi kila asubuhi napita Sanamu la Askari pale Posta, lile nalo ni la shaba, la 1927, liliwekwa kukumbuka askari wa vita ya kwanza. Tumelizoea mpaka imekuwa jina la kituo tu, shusha Askari. Lakini yule askari hana jina. Ndiyo tofauti ninayoiona, la Wigan mtu anaweza kumwambia mwanawe huyu ni fulani, babu yako alimwona akicheza.

ZUHURA: Na mwenyewe alikuwepo! Lilizinduliwa Oktoba 2016, ana miaka 82, kasimama analitazama. Mzee wa watu maisha yake yote hajahama Wigan, alipoacha mpira aliendesha baa jirani na Central Park, uwanja wa timu ya Wigan, mashabiki wanakwenda kunywa wanamkuta kaunta. Na huo uwanja wenyewe ulishavunjwa, 1999 timu ilihama, sasa hivi pale ni supamaketi. Siku moja 1959 waliingia watu 47,747 mechi na St Helens, leo watu wanasukuma vikapu vya maziwa. Kwa hiyo ukitaka kumwonyesha mtu ushahidi, uwanja haupo, umebaki na hiyo shaba.

KASSIM: Hebu tuambie linatengenezwaje, maana nilikuwa nadhani wanachonga.

ZUHURA: Hata mimi nilidhani hivo. Kumbe kwanza fundi anaunda mtu mzima kwa udongo juu ya fremu ya chuma, hapo ndipo sura inapopatikana, mishipa, mikunjo ya jezi. Halafu anautolea kalibu, ndani ya kalibu anapaka nta, unapata Boston wa nta, mtupu ndani, unene wake milimita chache tu. Ile nta inavikwa koti gumu kama la kauri, inaingizwa kwenye tanuru nta inayeyuka inatoka yote, inabaki nafasi yake, na kwenye hiyo nafasi ndiyo wanamimina shaba iliyochanganywa na bati, moto zaidi ya digrii 1,000. Na hawamimini mtu mzima, ni vipande, mkono peke yake, kichwa peke yake, halafu wanachomelea, wanasugua viungo visionekane, mwisho wanapaka dawa huku wanaunguza na moto ndiyo inatoka ile rangi ya kahawia.

KASSIM: Kumbe ndani ni tupu.

ZUHURA: Tupu kabisa. Fundi wake anaitwa Steve Winterburn, na huyohuyo ndiye aliyemfanya mara tatu. La kwanza liko nje ya uwanja wa Wembley, London, 2015, wachezaji watano pamoja, Boston yumo. La pili Wigan. La tatu ndilo ninalotaka kulisema, la Cardiff, Julai 2023.

KASSIM: Nyumbani hatimaye.

ZUHURA: Kutoka 1953 hebu hesabu, miaka 70. Walitoa orodha ya wachezaji 13 wa Cardiff waliokwenda ligi, wananchi wakapiga kura, wakatoka watatu, Gus Risman, Clive Sullivan na Boston. Risman wazazi wake wahamiaji kutoka Latvia, huyo alibeba kombe la Challenge, la raga ligi, akiwa nahodha wa Workington ana miaka 41. Sullivan akiwa mtoto alifanyiwa upasuaji hospitali wakasema huyu hata kutembea vizuri ni mtihani, akaja kuwa nahodha wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya Uingereza, mchezo wowote, akachukua kombe la dunia 1972.

KASSIM: Na huyo naye Wales hawakumwona?

ZUHURA: Naye alienda ligi, Hull, kule wamempa jina la barabara kuu ya kuingilia mjini. Alifariki 1985 kwa kansa, miaka 42. Kwa hiyo siku ya uzinduzi Cardiff kati ya wale watatu aliyekuwa hai ni mmoja, Boston, miaka 88, na alishaugua tayari ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

KASSIM: Hapo da Zuhura mimi nina neno na Cardiff. Sanamu zuri, hongera kwa waliochanga, lakini mngefanya akiwa na miaka 50 angewahutubia, angewaambia aliyokuwa nayo moyoni. Mnakuja wakati mzee kumbukumbu zinamtoka.

ZUHURA: Nakubaliana na wewe nusu. Wamechelewa, hilo halina ubishi, na Sullivan wamemchelewa moja kwa moja. Ila mzee aliletwa pale mbele ya watu wa mtaa wake, wanawe wapo, wajukuu wapo, wakalifunua anaona. Mimi hata angelikumbuka siku moja tu inatosha, na hata asingelikumbuka, wale wajukuu wanalo.

KASSIM: Sasa unanifanya nifikirie wazee wetu. Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1,500, rekodi ya dunia, 3:32.16, aliongoza toka mlio wa bastola mpaka utepe, watu wanasubiri achoke hachoki. Mimi ningeambiwa chagua mtu mmoja wa shaba hapa nchini, leo, aje asimame aguse mguu wake mwenyewe, ni huyo.

ZUHURA: Na awekwe wapi?

KASSIM: Sio uwanjani. Uwanjani unaingia na tiketi. Stendi. Mahali mtoto wa mkoani anashuka kwenye basi na begi lake kitu cha kwanza anakutana na mtu anakimbia.

ZUHURA: Hapo sasa. Hata la Cardiff hawakulipeleka kwenye uwanja mkubwa wa Wales, wameliweka Butetown, hukohuko bandarini, unatembea kwa miguu kidogo tu kutoka mtaa wa Angelina. Nimeshakata tiketi kaka, Jumamosi naenda.

KASSIM: Nitumie picha, ila safari hii sio saa tano usiku.

ZUHURA: Nakutumia ya mchana, na nitaanzia pale Angelina, nitembee njia yote huku narekodi mpaka nifike walipo.