Mguu Mmoja Unapovimba Peke Yake

Asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu. Nimeombwa nizungumzie damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Kazi yangu ilikuwa ukunga, miaka 27 hapahapa Tanga, na ugonjwa huu nilikuwa naujua kwa kuusoma, mpaka uliponikuta kwenye mguu wangu wa kushoto.

Niliteleza ngazini, nikavunjika kifundo cha mguu, nikafungwa POP, ile plasta ngumu ya mfupa, hadi chini ya goti. Siku ya tisa kigimbi kikaanza kubana. Hayakuwa maumivu ya kupiga kelele. Ilikuwa kama misuli inapokaza usiku, ila hii ilikaza ikagoma kuachia. Nikasema POP imebana, na nilikorudi kutibiwa wakasema hivyohivyo, wakanipa dawa ya maumivu nikaenda zangu. Siku mbili baadaye paja limekuwa zito, ngozi juu ya goti imevutika inang'aa kama bilinganya, na ukiweka kiganja unasikia joto. Jirani yangu, ambaye ananipenda kwa dhati, akasema nimekanyaga kitu cha mtu. Mwingine akasema matende. Dada yangu akaleta mafuta ya nazi yenye karafuu, akanikanda paja jioni mbili mfululizo, na mimi mkunga nikamwachia.

Asubuhi iliyofuata, kila nikivuta pumzi ndefu, ubavu unanichoma kama mwiba. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitali ya pili walinipima kwa ultrasaundi. Yule binti mpimaji alinigeuzia kioo nione. Kwenye kinena kuna viduara viwili vyeusi vimekaa pamoja: mmoja ni mshipa unaopeleka damu mguuni, mwingine ni wa kuirudisha, ambao madaktari huuita vena. Akibonyeza kile kifaa, vena isiyo na tatizo hujifunga kama jicho linavyofumba. Alianza na mguu wa kulia, ikafumba. Akaja kushoto, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Haikufumba. Mle ndani mlikuwa na bonge la damu.

Naomba muelewe linatokea wapi. Damu inayoshuka mguuni inasukumwa na moyo, lakini kupanda inategemea zaidi kigimbi. Ukitembea, nyama ya kigimbi inaikamua mishipa ya ndani, na ndani ya mishipa hiyo kuna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Kigimbi kisipofanya kazi, damu inatuama nyuma ya vilango hivyo, na mara nyingi bonge huanzia hapo. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza mwaka 1856 jinsi mabonge ya mishipani yanavyosafiri hadi mapafuni. Mafundisho yanayobeba jina lake hutaja mambo matatu: damu kutuama, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuganda upesi. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 13 Oktoba, sasa ndiyo siku ya dunia ya ugonjwa huu.

Bonge likikatika, linapanda na mshipa mkubwa wa tumboni, linapita upande wa kulia wa moyo, linaziba mapafuni. Ule mwiba ubavuni kwangu ulikuwa kipande kidogo. Kipande kikubwa kinaua kwa dakika chache. Kwa hiyo mkono wa kukanda usiuguse mguu wa namna hii, hata uwe mkono wa dada.

Sasa matende, maana pwani yetu inayajua vizuri. Matende huja polepole, kwa miezi na miaka, na ngozi inakuwa nene na ngumu. Bonge la damu huja kwa siku, pengine kwa saa. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi tunafikiria moyo, figo au ini, na huko nako kuna hatari yake, nenda ukapimwe. Ila mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, kitu cha kwanza kufikiria ni damu kuganda. Vitabu vinasema utakuwa mwekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Tazama mng'ao, gusa joto, linganisha na mguu wa pili. Na wapo ambao mguu haukuwaambia chochote, wakashtukia wamekosa pumzi, moyo unakwenda mbio, wanakohoa damu. Huyo hasubiri kesho.

Kinachonikosesha usingizi ni arobaini. Mjamzito anakuwa na mambo yote matatu ya Virchow: damu yake inaganda upesi ili asitoke damu nyingi akijifungua, tumbo linakandamiza mishipa, na kujifungua kwenyewe, hasa kwa upasuaji, kunaumiza mishipa. Ndiyo maana kwa wajawazito mguu wa kushoto ndio unaoshikwa zaidi, kwa kuwa vena yake hubanwa na mshipa mwingine unaokatiza juu yake. Hatari hiyo haiishi mtoto akitoka. Wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ndizo kali kuliko zote, na hizo ndizo siku zetu za arobaini, ambazo tunamlaza mzazi ndani, tunamkanda kwa maji ya moto, tunamkataza kushika hata ufagio. Mimi sisemi arobaini ifutwe. Mzazi anastahili kutunzwa. Nasema ainuke, atembee uani asubuhi na jioni, anywe maji, na anayemkanda aangalie vigimbi vyote viwili kabla hajagusa chochote.

Serena Williams, yule bingwa wa tenisi, alijifungua kwa upasuaji mwaka 2017, na siku iliyofuata akakosa pumzi. Aliwahi kupata mabonge ya mapafuni mwaka 2011, kwa hiyo alijua. Akamwambia muuguzi anataka kipimo gani na dawa gani. Mwanzoni walidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Hakunyamaza, na mabonge yakaonekana. Nanyi mkifika kwa daktari msiseme tu "mguu unauma". Semeni: "Naogopa damu imeganda."

Tiba ipo. Mimi nilichomwa sindano za tumboni, nikaendelea na vidonge vya warfarini kwa miezi sita. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalimaliza. Utasikia kwamba warfarini ni sumu ya panya. Ni kweli ilianza hivyo, na pia ni kweli imeokoa watu wengi sana, kwa kipimo sahihi. Mchicha, matembele na kisamvu usiviache, ila kula kwa kiasi kilekile kila wiki, maana vina vitamini K inayoshindana na dawa. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, usiichanganye na warfarini bila kuuliza.

Nimekuja na futikamba tatu za fundi cherehani. Shika ule mfupa uliotokeza chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha. Fanya miguu yote miwili. Kigimbi kikizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3 na uvimbe ni mpya, nenda leo. Kikiwa sawa lakini kinauma na kina moto, nenda pia. Anayetaka kuanza aje hapa mbele. Wangu wa kushoto bado umezidi wa kulia kwa sentimita moja na nusu, mwaka wa sita huu.