Mstari Mmoja Wakati Uji Unaiva

Mama zangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za asubuhi. Watoto waliokaa mbele waacheni wacheze hapo hapo kwenye mkeka. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, nimezoea kuzungumza huku watu wakigombania penseli.

Nimeombwa nieleze namna ya kufuma sweta kwa sindano ukiwa na watoto wadogo nyumbani. Wengi mlionipigia simu wiki hii mliniuliza swali lile lile: muda unautoa wapi? Basi nitaanzia huko.

Jana niliamka saa kumi na moja. Mnaijua Dodoma ya mwezi wa saba: usiku joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na ule upepo wetu unaanza kugonga mabati kabla jua halijachomoza. Nikabandika maji ya uji. Mtoto wa mwisho, mwenye miezi 14, alikuwa mgongoni. Uji ulipochemka nikapunguza moto ili uive taratibu, nikaenda kukaa kizingitini, mbali na jiko, nikatoa kazi yangu kwenye mfuko wa gauni. Nikafuma mstari mmoja, vitanzi 68. Nikaenda kukoroga uji. Nikarudi, mstari wa pili. Wa tatu uliishia katikati, kwa sababu mtoto wangu wa kati aliamka analilia kiatu kimoja kisichoonekana. Mchana, wakati wa mapumziko shuleni, mistari minne. Jioni, nikingoja ndoo zijae bombani, mistari sita. Jumla kumi na mbili na nusu.

Mgongo wa sweta la mtoto wa miaka minne, kwa uzi wa unene wa kati, una mistari 100 hivi. Mstari wa vitanzi 68 unanichukua kama dakika tatu. Pigeni hesabu wenyewe: siku nane au tisa za namna ile, mgongo umekwisha. Kifua, siku nyingine tisa. Mikono miwili, wiki mbili. Sweta zima ni mwezi na kidogo, na hakuna siku hata moja katika mwezi huo ambayo nilikaa saa nzima nikifuma. Sina saa nzima. Nadhani humu ndani hakuna mama wa mtoto wa chini ya miaka mitano aliye nayo.

Tulichonacho ni vipande. Dakika tatu hapa, tano pale, nane kwenye benchi la kliniki. Tumezoea kusema vipande hivyo si muda, kwa hiyo tunaviacha vipite. Na kazi nyingi za nyumbani zinatuthibitishia hivyo. Umeosha vyombo, saa moja baadaye vimechafuka. Umefagia uwanja, upepo umerudisha vumbi lote la Dodoma. Ukikaa usiku ukajiuliza leo nimefanya nini, jibu halionekani popote, ingawa mgongo unauma. Mimi nilifika mahali nikaamini kwamba sifanyi kitu. Nililia kwa ajili hiyo, tena mara nyingi.

Mstari wa kufuma haufutiki. Ukiuacha katikati, vitanzi vinakaa kwenye sindano vinakungoja, hata siku tatu. Ni kazi inayokubali kukatizwa, na mtoto mdogo yeye kazi yake ni kukatiza.

Niwaambie nilikojifunzia. Mwaka 2021 nilijifungua mtoto wangu wa kati akiwa na wiki 32, kilo moja na gramu mia sita. Tukapelekwa kwenye wodi ya watoto njiti. Pale nikafundishwa kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge, ana nepi, soksi na kofia tu. Wengine mnaita kangaruu. Njia hii ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walipokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Wakaona kifua cha mama kinaweza kuifanya kazi hiyo. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto njiti abebwe hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Sababu yake ni rahisi: mtoto huyo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto humtoka haraka. Mwili wake unatakiwa ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ndiyo maana ya ile kofia.

Sasa fikirini. Umefungwa mtoto kifuani, umeegemea mto, na unakaa hivyo mchana na usiku. Lakini mikono yako yote miwili iko huru. Mimi mikono ile niliitumia kushika simu, kutafuta habari za watoto waliozaliwa na wiki 32, na kila nilichosoma kiliniogopesha zaidi.

Kitanda cha pili alikuwepo mama kutoka Kondoa, mwenye pacha. Mmoja kifuani mwake, mwingine kifuani mwa dada yake. Yeye alikuwa anafuma. Sindano zake zilikuwa spoki mbili za baiskeli zilizosuguliwa kwenye saruji mpaka zikawa laini. Alifumia juu ya mgongo wa mtoto, taratibu, na mtoto amelala. Siku ya tatu akanitazama akasema, "Mwalimu, weka hiyo simu. Shika hapa." Akanianzishia vitanzi 20.

Nilitoka wodini baada ya siku 26, mtoto ana kilo mbili na kitu, na mimi nina kofia moja iliyopinda upande. Ninayo mpaka leo. Kichwa cha mwanangu wakati ule kilikuwa kama chungwa kubwa, na sasa nikiivalisha ile kofia kwenye ngumi yangu inanienea sawasawa. Hapo ndipo ninapoelewa tulikotoka.

Halafu likaja la kurudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Mwanangu aliwahi kuzaliwa kwa siku 56. Kwa hiyo siku 84 zilipoisha, kwa hesabu ya siku aliyotakiwa kuzaliwa, alikuwa kichanga wa wiki nne. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Dada zangu mlioajiriwa, ziombeni. Mimi nilipoomba kwenye shule niliyokuwa wakati ule nilitazamwa kama niliyeomba gari. Nilizipata, na nilikuwa nafuma nikiwa nanyonyesha, uzi umepita juu ya bega ili asiuvute.

Tuje kwenye uzi, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Kondoo wetu wa Dodoma wana manyoya mafupi kama ya mbuzi, hawatoi sufu ya kufumia. Pamba inalimwa kwa wingi Simiyu na Shinyanga, lakini vidonge vingi vya uzi vinavyouzwa madukani kwetu ni akriliki, uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Akriliki si mbaya. Inafulika, haipauki haraka, rangi zake zinapendeza. Ila hainyonyi jasho, na ikikutana na moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Ndiyo sababu nimewaambia nakaa mbali na jiko. Mtoto anayetambaa jikoni asivalishwe akriliki.

Ukitaka sufu, nenda kwenye mitumba. Mama pale nyuma anatingisha kichwa, najua anawaza: kama nimefika mitumba si ninunue sweta lenyewe, nimalize? Ni kweli, sweta la mtumba ni rahisi kuliko uzi wa dukani. Sitawadanganya kwamba kufuma kunaokoa pesa. Lakini lipo sweta la mtu mzima lililotoboka kiwiko, hakuna anayelitaka, bei yake ni ya chini, na ndani yake uzi unatosha masweta mawili ya watoto. Lugha yetu imeliweka vizuri sana: mwenzako alifuma, wewe unafumua.

Lichague kwa makini. Geuza ndani utazame maungio. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache, maana kila mstari utatoka kipande kifupi. Tafuta lile ambalo kingo zake ni vitanzi vizima vilivyounganishwa kwa uzi mmoja. Ukiukata na kuvuta, maungio yanaachia. Ukifika nyumbani, chukua kipande cha uzi ukichome kwa kiberiti, juu ya sahani. Kikinuka nywele zilizoungua na kugeuka jivu linalopondeka, ni sufu. Kikinuka karatasi, ni pamba. Kikiyeyuka kikawa kishanga kigumu, ni akriliki au jamaa zake. Kisha fumua, uzungushie nyuma ya kiti, funga sehemu nne usije ukajisokota, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, tundika na kitu kizito chini. Ukikauka mikunjo imenyooka. Kuukunja kuwa kidonge, hapo unahitaji mikono miwili ya kushikilia. Kwangu ni mikono ya baba watoto. Anakaa ameinyoosha kama mtu anayepokea kuni, na hiyo ndiyo nafasi yetu ya kuzungumza mambo ya nyumbani bila kupokonyana simu. Yeye bado hafumi. Nampa muda, fundi anayefuma sweta za shule kwa mashine mtaani kwetu ni mwanaume, na zamani kule Ulaya vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Soksi na glavu za kichanga zigeuzwe ndani kila siku kabla ya kumvalisha. Uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba, damu isipite. Yeye atalia tu, hawezi kusema wapi. Mtoto akilia bila sababu, mvue soksi, hesabu vidole. Kofia zisiwe na kamba ya kufunga shingoni. Na bibi zetu, kwa heshima zote: mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, mwenye afya, saa saba mchana hapa Dodoma hahitaji kofia na shali ndani ya nyumba. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Kukiwa na jasho, mpunguzie. Mtoto njiti ni habari nyingine. Mfuate muuguzi anavyokuelekeza.

Sindano zikae juu, zimechomekwa kwenye kidonge, au ncha zake ziwekewe vifuniko. Usitembee na kazi mkononi huku mtoto anakukimbilia.

Mwaka jana huyu wa kati, akiwa na miaka mitatu, alichomoa sindano. Mkono mzima wa sweta ulikuwa umefika kwapani, vitanzi 48. Alikuwa ananisaidia, ndivyo alivyosema. Nilikaa sakafuni na sindano nyembamba nikaviokota kimoja kimoja, nikavipata 41. Saba vilikuwa vimeshuka mbali, vimeacha ngazi. Mwanangu alinyamaza kimya akitazama vidole vyangu. Nikachukua kulabu ya kufumia vitambaa, ile ile ambayo mama zetu walifumia vitambaa vya makochi, nikapandisha kitanzi kimoja kwenye ngazi, kamba moja baada ya nyingine mpaka juu. Cha pili akaomba kupandisha yeye. Kilimchukua muda mrefu mno, ulimi nje, pumzi imebanwa. Mimi nikamshikia nguo tu.

Nafundisha watoto kushika penseli kila Januari. Nawaona wanaokuja vidole vimelegea, hawajawahi kufunga kifungo, kumenya karanga, kupitisha shanga kwenye uzi. Vidole hujifunza kando ya vidole vingine. Wasichana wa Kigogo wanaopiga muheme hawakuandikiwa ubaoni, walikaa karibu na mama na shangazi ngoma ikiwa mapajani mwao. Mtoto akikuona unafuma, unakosea, unafumua mistari mitatu bila kelele na kuanza tena, anaona kitu ambacho mimi darasani, na watoto wote wale, sina nafasi ya kumwonyesha.

Naona saa inakwenda na wengine mna vyungu nyumbani. Nyuzi ziko kwenye meza ile, sindano nimekata za mianzi, kila mmoja achukue jozi. Leo tunaanza vitanzi 20 tu, mbele na nyuma, hakuna umbo. Aliyefuma zamani akae karibu na asiyejua. Dada, wewe uliyekaa dirishani na mtoto amelala kifuani, usiinuke. Baki hapo hapo, nakuletea uzi.