Chanjo ya kifua kikuu cha ng'ombe: fundo liko kwenye kipimo

(Mhadhara kwa wafugaji na wanafunzi wa mifugo, Tengeru, Arusha)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Kila mama hapa anaijua BCG, ile sindano ya mkononi anayochomwa mtoto mchanga. Wachache wanajua kwamba ilitokana na ng'ombe. Mwaka 1908, mjini Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwenye viazi vilivyopikwa kwa nyongo. Waliwahamisha mara 230 kwa miaka 13, mpaka wakaisha makali. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza akapewa. Karne imepita, watoto wetu wanachanjwa, ng'ombe bado.

Kilichozuia ni kipimo. Daktari wa mifugo ananyoa manyoya shingoni, anabana ngozi na kupima unene wake, anadunga tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu, kisha anarudi baada ya saa 72 kupima tena. Ngozi ikivimba, ng'ombe anahesabiwa ameambukizwa. Sasa, aliyechanjwa BCG naye anaweza kuvimba vilevile. Nchi kama Uingereza, zinazopima na kuchinja, zikaona heri kuacha chanjo kuliko kuvuruga kipimo.

Kuchinja kunataka fidia. Mfugaji wa Marangu mwenye ng'ombe wawili bandani, anayesomesha kwa maziwa, mwambie amchinje mmoja ambaye bado anakamuliwa vizuri. Atakusikiliza kwa adabu, kesho yake atampeleka mnadani. Mimi simlaumu hata kidogo. Lakini ugonjwa umeshahamia zizi jingine.

Ndiyo maana habari ya kipimo kipya imenifurahisha sana. Kinatumia protini ambazo bakteria wa ugonjwa anazo na BCG haina. Mojawapo inaitwa ESAT-6. Aliyechanjwa tu havimbi, aliyeambukizwa anavimba.

Na chanjo yenyewe inafanya kazi kiasi gani? Wenzetu wa Ethiopia wamesaidia kulijibu hilo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024. Ndama waliochanjwa na wasiochanjwa waliwekwa pamoja na ng'ombe wagonjwa kwa mwaka mzima, wakivuta hewa moja. Kinga ya ndama mmojammoja ilikuwa asilimia 58, na najua baadhi yenu mtasema ni ndogo. Subirini. Ndama waliochanjwa wakaugua hata hivyo waliwekwa baadaye na ndama wazima, na wakaambukiza kwa uchache mno: uwezo wao wa kuambukiza ulishuka kwa asilimia 74. Ukiziunganisha kinga hizo mbili, maambukizi yanapungua kwa karibu asilimia 89. Kwa nchi isiyoweza kuchinja, hiyo ndiyo namba ya kuitazama. Chanjo hii inalilinda kundi.

Haiponyi ng'ombe ambaye tayari ameambukizwa, kwa hiyo ni ya ndama, mapema.

Kuhusu maziwa sitarefusha: yachemsheni, hata ya mtoto, hata ya kugandisha. Kifua kikuu cha ng'ombe kinapita humo, na pirazinamidi, moja ya dawa nne anazoanzishiwa mgonjwa hospitalini, haikiui.

Naomba maswali. Tuanze na ndugu zetu wa Longido, maana mifugo yao inakutana kwenye malambo na huko kuchanja zizi moja hakutoshi.