Kwa nini naimba "Salama Rohoni" kila video: nawajibu leo, msiniulize tena

Haya wapendwa, ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwa kurudi tena kwenye chaneli. Leo sijapika wala sijaenda dukani, nimekaa tu na kikombe changu cha chai. Na chai yenyewe siyo ya Rungwe, mnivumilie.

Nimekaa kujibu swali moja. Komenti zenu, ukitoa za "dada nitafutie kazi", zinauliza kitu kilekile: huo wimbo ninaouimba nikiosha vyombo ni upi, na mbona kila siku ni huohuo. Mmoja kaandika, "Una msiba gani usioisha?" Mwingine anasema najiliza makusudi ili ndugu wasiniombe hela. Huyo nitamrudia.

Wimbo ni "Ni salama rohoni mwangu", upo kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani, Tenzi za Rohoni. Aliyekulia kwetu kusini mwa Tanzania, awe Mmoraviani wa Rungwe au Mlutheri wa Iringa, ameshauimba mpaka amechoka, kwa hiyo siwafundishi wimbo. Nasema ninachokipata mimi. Mimi kama mimi. Wewe ukipata nguvu kwenye taarabu au bongo fleva, hatugombani.

Mstari wangu ni ule wa kwanza kabisa: "Nionapo amani kama shwari, ama nionapo shida." Utotoni niliuimba nikiwaza tutatoka saa ngapi. Na shwari mtoto wa Tukuyu ataijulia wapi? Kwetu ni mvua na migomba. Mpaka nilipopelekwa Matema kwa shangazi, nikaliona Ziwa Nyasa asubuhi limetulia tuli, na mchana uleule upepo umeshuka kutoka milimani, wavuvi wanakimbiza mitumbwi ufukweni. Basi, nikajua shwari ni nini na nikajua haikai.

Ila wimbo wenyewe ulinishika huku, na ulinishika kwenye makaratasi. Habari za ndege na baridi naziruka, mmeshasimuliwa na kila mtu, na baridi mtu wa Tukuyu atafundishwa nini.

Nilikuja Cardiff, hapa Wales, Uingereza, kwa visa ya kutunza wazee. Ndiyo, ile kazi mnayoiita "kuosha wazee" mkicheka. Cheti cha kuzaliwa, kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza, kila kimoja na ada yake. Halafu kuna yule bwana wa kati aliyetuuzia barua ya udhamini, kitu ambacho kisheria hakiuzwi. Nyumbani liliuzwa shamba la parachichi, kipande cha juu kule chenye miti iliyoanza kuzaa, na mama akakopa kikoba. Nasema haya siyo kwa kulalamika. Mmeuliza, najibu.

Nikafanya kazi. Halafu kampuni iliyonileta ikanyang'anywa leseni ya kuajiri watu wa nje. Kosa ni lao, lakini barua inakuja kwako: una siku 60, upate mwajiri mwingine wa kukudhamini au uondoke. Kodi ya nyumba haijui habari hizo. Kikoba hakijui. Unaandika maombi usiku kucha, majibu ni yaleyale, tunachukua walio tayari na haki ya kufanya kazi. Sasa ningekuwa nayo ningekuandikia wewe?

Na katika kipindi hicho, watu wenye nia njema, Mungu awabariki, walinijaza simu nyimbo. Mwaka huu unavuka. Adui zako wataaibika, mlango unafunguka leo. Jamani, mimi adui sikuwa naye. Nilikuwa na barua pepe ambazo hazijajibiwa. Ukisikiliza wimbo unaokuahidi mlango utafunguka leo, na leo ikaisha, kesho yake unaamka na deni la pili, unaanza kujiuliza imani yako ina kasoro gani. Nilizifuta zote. Najua kuna watakaokasirika. Kasirikeni taratibu.

Ndipo bibi yangu akafariki. Kusafiri ilikuwa haiwezekani. Hela sina, na ukitoka nje ya nchi visa yako ikiwa inaning'inia vile, kurudi ni bahati nasibu. Nilizika kwa simu. Binamu yangu ameishika juu, mtandao unakatika, naona migomba, naona kitenge cha mtu, halafu picha inaganda na sauti inaendelea. Tarumbeta zikapiga wimbo huo, akina mama wakaudaka. Nilikuwa chumbani kwangu, ukuta mwembamba, jirani ana mtoto mchanga, kwa hiyo niliimba kwa chini sana. Nikafika pale "ama nionapo shida" nikagundua hakuna mtu anayenidai nisiwe na shida. Hayo tu. Wimbo haukunidai chochote.

Baada ya mazishi mnajua kilichofuata? Kikao cha ukoo kimejadili rambirambi yangu. Eti ndogo kwa mtu anayelipwa pauni. Nimeshamaliza, tusonge.

Sasa, historia yake. Mnanitumia ile video ya kwamba aliyeuandika alikuwa tajiri, akapoteza kila kitu, akamwimbia Mungu, akabarikiwa mara mbili. Nusu yake ni kweli. Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago, na moto mkubwa wa 1871 uliteketeza mali zake nyingi za majengo. Mwaka 1873 mkewe, Anna, alipanda meli kwenda Ulaya na mabinti zao wanne, yeye akabaki kumalizia shughuli. Tarehe 22 Novemba meli hiyo, Ville du Havre, iligongana na nyingine katikati ya Atlantiki, ikazama kwa dakika kama 12. Watu 226 walikufa, mabinti wote wanne wakiwemo. Maneno ya wimbo yanatokana na msiba huo, muziki akautia Philip Bliss, ukachapishwa 1876.

Lakini kubarikiwa mara mbili? Mwaka 1880 mtoto wao wa kiume naye akafa kwa homa. Mwaka uliofuata wakahamia Yerusalemu. Hakuna aliyerudishiwa mabinti. Ndiyo maana naukubali wimbo huu. Sijauona ukimlipa mtu.

Na kuna jambo hamlisemi kwenye hizo video zenu. Manusura waliletwa wapi? Hapa. Cardiff. Anna alishushwa kwenye bandari ya mji huu ninaopanga chumba, na ni kutoka hapa alipompelekea mumewe simu ya maandishi: nimepona peke yangu. Kila mtu anamsifia mume aliyeandika. Mimi namwaza mama. Mgeni, hana watoto, hana mizigo, anatafuta maneno machache ya kulipia. Siku zile za barua nilikuwa nashuka mpaka gatini kule kwenye migahawa, sina hela ya kuingia hata mmoja, natazama maji tu. Simaanishi msiba wangu ni sawa na wake, msinishonee maneno. Nasema nilipata mtu wa kukaa naye.

Kazi nilipata, siku zikiwa zinaelekea ukingoni. Kituo kidogo, mshahara uleule. Naomba sana msiandike ushuhuda kwamba wimbo ndio ulinipa kazi. Mwenzangu wa Karonga, upande wa pili wa Mto Songwe, ambaye Kinyakyusa chetu tunasikilizana naye vizuri tu, alikuwa na barua kama yangu. Tuliuimba wote jikoni, na yeye anaujua hadi sauti ya pili. Alirudi Malawi. Kwa hiyo mkiuliza "unasaidia?", sijui mnauliza kusaidia kufanya nini. Mimi ulinisaidia kulala.

Sasa wewe wa kujiliza ili nisiombwe hela: naombwa. Jana nimeombwa, leo nimeombwa kabla sijapiga mswaki. Ningekuwa najiliza kwa ajili hiyo ningeshaacha, haifanyi kazi.

Na mnaouliza namba ya yule bwana wa kati, siitoi. Halafu tangu Julai 2025 visa mpya za kutunza wazee kwa watu walio nje ya Uingereza zimefungwa. Anayekwambia imebaki nafasi moja, anataka shamba lenu. Mwambie akupe risiti kwanza uone atakavyopotea.

Video ijayo ni kuhusu jina lililokosewa herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa, na nilivyozungushwa. Leteni komenti zenu hapo chini, ila za rambirambi sitazisoma.