Ukingo si Korongo

Mwenyekiti, ahsante. Wageni waalikwa, na wewe mzee wangu wa safu ya mbele ambaye naona umeshaanza kufumba macho, habari za jioni.

Mmeniita nizungumzie safari za wanandoa, makorongo na bandari. Walionisikia siku nyingine wanajua nitakakoelekea. Watanivumilia, maana bado naletewa picha ileile: mtu ameegemea kizuizi cha chuma ukingoni, korongo liko nyuma yake, yeye anatabasamia simu. Ukimuuliza alikaa muda gani pale, atakwambia basi lilikuwa linangoja. Basi! Umevuka bahari nzima, halafu unamhurumia dereva.

Kwetu mambo tumegawana. Makorongo ni yangu, bandari ni za mwenzangu, huyo mzee wa safu ya mbele. Naanza na changu.

Grand Canyon ya Arizona ina urefu wa kilomita 446, upana unaofika kilomita 29 na kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu. Hayo mtayasoma kibaoni. Ninalosema mimi ni kwamba ukiwa juu huoni kitu. Unaona rangi tu. Jicho limekosa cha kupimia, na Mto Colorado wenyewe, uliochimba shimo lote lile kwa miaka milioni tano au sita hivi, sehemu nyingi za ukingo hauonekani kabisa. Mchimbaji humwoni, halafu unasema umeiona kazi yake!

Shukeni. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, shikeni njia ya South Kaibab. Mwanzoni vumbi ni jeupe-jeupe. Hayo ni mawe ya chokaa yaliyotandazwa chini ya bahari miaka milioni 270 iliyopita. Chini yake mnafika Coconino, jangwa la vilima vya mchanga lililogeuka mwamba, na kwenye mwamba huo zimekutwa nyayo za wanyama waliotembea kabla ya dinosaria. Mkizidi kushuka vumbi linakuwa jekundu, na viatu vinafuata, na soksi hazitakati tena, msihangaike na sabuni. Halafu mnakuta ule ukuta mrefu mwekundu uitwao Redwall, ambao kwa kweli si mwekundu. Jiwe lake likimeguka, ndani ni la kijivu. Wekundu ule umechuruzishwa na mvua kutoka kwenye miamba ya juu. Aliyesimama ukingoni atalijuaje hilo?

Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa Vishnu, wenye umri wa miaka kama milioni 1,700. Juu yake, sehemu nyingi bila kitu katikati, umekaa mwamba wa mchanga wa Tapeats, wa miaka milioni 500 na kidogo. Yaani pana pengo la zaidi ya miaka milioni elfu moja, na miamba ya muda huo wote imelika ikaisha. Mahali ambapo mpaka huo uko wazi, unaweka kiganja, kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule. Mzee wangu, ambaye mnamjua kwa maneno, hapo alinyamaza. Naona sasa amefumbua macho.

Najua mtakalosema: mama, magoti yetu! Nani kawaambia mfike mtoni? Wahifadhi wenyewe wanaonya watu wasishuke mtoni na kurudi siku hiyohiyo. Mlima unakuchosha mapema, na ukichoka unageuka, unateremka. Korongo linakudanganya. Linakushusha ukiwa na nguvu na kicheko, kisha linakudai kupanda ukiwa umechoka, jua likiwa utosini, na kule chini wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40. Kwa hiyo geukeni mngali mnacheka. Kituo cha kutazamia cha Ooh Aah Point hakifiki kilomita moja na nusu kutoka mwanzo wa njia. Nendeni hapo, mkae, mnywe maji, mrudi. Mtakuwa mmeona kuliko basi zima.

Na huko chini kuna watu, msidhani ni mawe matupu. Wahavasupai, wenyeji wa asili wa hapo, wana kijiji chao cha Supai ndani ya korongo, hakifikiwi kwa gari, na barua zao hupelekwa na nyumbu.

Antelope Canyon, nayo ya Arizona, naipitia haraka. Ni ardhi ya Wanavajo, nao wenyeji wa asili, huingii bila mtembeza wageni wao, na wapo wanaonung'unika kwamba wanabanwa. Tarehe 12 Agosti 1997 mvua ilinyesha mbali, maji yakaja kwa kasi ndani ya ule ufa mwembamba, yakaua watalii 11. Mfuateni anayewaongoza, acheni kununa.

Sasa bandari. Mwenzangu anapenda meli, na simlaumu: unafungua sanduku mara moja, chumba kinatembea nawe. Ugomvi wangu ni saa. Dubrovnik ya Kroatia, kwa mfano. Zamani ikiitwa Ragusa, mwaka 1377, baraza lake lilipitisha sheria kwamba atokaye penye tauni asiingie mjini mpaka akae siku 30 kwenye kisiwa cha Mrkan au kule Cavtat. Tajiri na bidhaa zake, akae. Baadaye wakajenga Lazareti, nyumba za kuwekea wageni karantini, nje ya lango la Ploče, na majengo yale yapo hadi leo. Mji uliowafundisha wageni kungoja mwezi mzima, leo mgeni anaukimbia ili awahi chakula cha jioni melini! Tafuteni meli inayolala bandarini. Ikikosekana, shukeni watu wa mwanzo, mzunguke ukuta kabla foleni haijajaa, muende Lazareti.

Kotor ya Montenegro ndiyo iliyotupatanisha. Wengi wanadhani ghuba yake ilichongwa na barafu kama zile za Norwei. Sivyo. Ni korongo la mto, bahari ikapanda ikalijaza. Meli inapenya kwenye mlango wa Verige, upana wake mita 340 hivi, milima imesimama kulia na kushoto. Mwenzangu akasema, hii bandari yangu. Nikamwambia, hili korongo langu, bahari ni mpangaji tu. Mbele ya mji wa Perast kuna kisiwa kilichotengenezwa na watu kwa kuzamisha mawe na mashua kuukuu, na kila tarehe 22 Julai wenyeji bado wanapeleka mawe. Muwe juu kwenye sitaha saa hizo. Waliokuwa kwenye kifungua kinywa walikuja kuniuliza tumepita wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na nilikuwa na Valletta nzima, ya Malta, mfukoni. Basi kwa kifupi: mji ulianzishwa 1566, mwaka mmoja baada ya kuzingirwa na Waturuki. Mkiingia bandari yake, Grand Harbour, simameni upande wa kulia wa meli, na saa sita mchana muwe bustani ya Upper Barrakka mizinga ikipigwa. Venice, tangu Agosti 2021 meli kubwa hazipiti tena mbele ya uwanja wa San Marco, kwa hiyo anayewauzia picha hiyo anawauzia ya zamani. Zion, korongo la Utah, acheni gari, pandeni basi la hifadhi. Ndiyo, basi. Hilo nalisamehe, maana ukishuka linakuja jingine.

Maswali. La magoti nimeshalijibu.