Gadenia hairingi, tunaikosea udongo

Asanteni kwa kuja jamani, niende moja kwa moja. Kila mtu anasema gadenia, kile kichaka cha maua meupe yanayonukia, inaringa, umeinunua imejaa matumba, wiki chache tu majani njano, matumba chini, basi unaitupa. Mimi napinga kabisa, haina maringo ile, sisi ndo tunaikosea udongo.

Tunayoipanda sana ni Gardenia jasminoides, asili yake China, Japani na majirani zao. Jina lilitoka 1761, John Ellis akimuenzi Alexander Garden, daktari Mskoti aliyekuwa Charleston kule Carolina Kusini. Na ni ukoo mmoja na mbuni, mti wa kahawa! Angalieni majani yanavyotoka mawili mawili yakielekeana, yanang'aa, na mbuni nao ukichanua maua ni meupe na yananukia.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Inataka udongo wenye tindikali, pH, yaani kipimo cha tindikali, kati ya 5 na 6 hivi, namba ikishuka ndo tindikali inazidi. Ikipanda kupita 7 chuma kinakuwepo kwenye udongo ila mizizi inashindwa kukichukua. Kata jani changa ulitazame kwenye mwanga, ukikuta limekuwa njano ila mishipa imebaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma, na hapo watu wanamwaga mbolea ya kawaida wee na hakuna kinachobadilika, manake tatizo ni maji ya bomba yenye chokaa, au umeipanda kwenye msingi wa ukuta wa saruji. Kinga maji ya mvua, changanya mboji, tia mbolea ya chuma ile inayofaa udongo wa chokaa, majani mapya yatatoka kijani.

Matumba yenyewe yanapenda usiku wa ubaridi kiasi, nyuzi 15 mpaka 18, na hayataki udongo unaokauka leo kesho unafurika.

Harufu inazidi jioni kuendelea usiku, inaita wadudu nondo. Ila msiguseguse petali, kidole kinaacha alama ya kahawia, inauma sana kuona! Tunda nalo msilidharau, lina krosini, rangi ile ile ya zafarani, China na Japani wanatilia rangi ya njano kwenye chakula.

Kupogoa ni mara tu maua yakiisha, ukichelewa unakata matumba ya msimu ujao.