Kunasa Sumu Majini: Kiunzi Kinashika Nini Kwanza?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie viunzi vya metali na molekuli za kikaboni, maarufu kama MOF, na kazi yake ya kutambua na kuondoa sumu majini. Tangu Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi watunukiwe Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025 kwa kuviendeleza, sifa zake zimetapakaa kila mahali. Nami nitavisifu, ila sifa zangu zitakuja na maswali.

Muundo wake hauna siri kubwa. Ioni za metali, kama zinki, shaba au zirkoni, huunganishwa na molekuli za kikaboni, yaani viungo, zenye ncha mbili au zaidi za kushikia. Zikishajipanga, hutokea fuwele iliyojaa vyumba vitupu, na utupu huo ndio mali yenyewe. Kiunzi kiitwacho NU-110, kilichoripotiwa mwaka 2012, kina eneo la ndani la mita za mraba zipatazo 7,140 kwa gramu 1. Zidisheni mita 105 kwa 68 mtaona: ni kiwanja kizima cha mpira.

Sasa basi, eneo peke yake halisafishi maji. Kwanza kiunzi chenyewe lazima kistahimili maji. MOF-5, kilichotangazwa na kundi la Yaghi mwaka 1999, huanza kubomoka kwa unyevu wa hewani tu, kwa sababu molekuli za maji huipokonya zinki viungo vyake. Ndiyo maana mwaka 2008 una uzito wa pekee kwetu sisi tunaoshughulika na maji: Chuo Kikuu cha Oslo kilitoa UiO-66. Kila fundo lake la metali lina atomu 6 za zirkoni na linaweza kushikwa na viungo 12. Viungo vyenyewe hutokana na asidi tereftaliki, ileile inayotumika kutengenezea plastiki ya chupa za maji. Ukikosa kiungo kimoja au viwili, kiunzi bado kimesimama.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Aseniki iliyoyeyuka majini mara nyingi huwa katika umbo la arseneti, nayo hushikana na zirkoni moja kwa moja. Lakini katika kiunzi kisicho na dosari, zirkoni imezibwa pande zote. Kwa hiyo wakati wa kukitengeneza, wakemia huongeza asidi kama ile ya siki, inayogombania nafasi na viungo. Vingine hukosekana, mianya hupanuka, na arseneti hupata mahali pa kuketi. Dosari ndizo zinazofanya kazi! Binafsi sijui eneo jingine la kemia ambako fuwele mbovu hutafutwa kwa bidii kiasi hiki.

Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba UiO-66 kilinasa miligramu 303 za arseneti kwa gramu. Takwimu nzuri, lakini ilipatikana kwenye pH 2, yaani maji yenye asidi kali. Nani anakunywa maji ya pH 2? Shirika la Afya Duniani linapendekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na kazi ngumu ni kuishusha hadi hapo ilhali majini mna fosfeti. Fosfeti ina umbo na chaji vinavyokaribiana na vya arseneti, na mara nyingi ni nyingi kuliko aseniki, hivyo huwahi viti. Nikisoma ripoti iliyofanya majaribio kwenye maji yaliyotoneshwa peke yake, yaani yaliyoondolewa chumvi zote, mimi huiweka kando kwanza. Zebaki ina nafuu kidogo: ukipachika salfa kwenye viungo, huikamata kwa nguvu, maana vitu hivyo viwili hupendana mno.

Upande wa kutambua, viunzi vyenye metali iitwayo europiumu hung'aa rangi nyekundu vikimulikwa kwa miale ya urujuanimno, na vyenye terbiumu, metali nyingine, hung'aa kijani. Dutu fulani ikiingia, mng'ao hufifia. Kuna mtego hapa: ioni za chuma zenye chaji tatu hufyonza miale ileile inayotumika kumulikia. Mng'ao ukipungua, huenda kiunzi hakijatambua chochote, kimekingwa taa tu. Naviamini zaidi vipimo vinavyolinganisha rangi mbili kutoka kwenye kiunzi kimoja, kwa sababu taa ikidhoofika, rangi zote mbili hushuka pamoja na uwiano haubadiliki sana.

Yapo pia mambo ya fundi. Unga laini huziba mabomba na ni taabu kuukusanya, kwa hiyo hugandishwa kuwa punje au hutandazwa kwenye utando. Hilo linafanyika, ingawa baadhi ya vyumba hufungwa.

Limebaki swali ambalo matangazo hulikwepa. Metali haziozi wala haziungui. Kiunzi kinazihamisha tu. Kikijaa huoshwa ili kitumike tena, na aseniki yote huishia kwenye maji machache ya kuoshea, sasa ikiwa kali zaidi. Njia mojawapo ni kuongeza chumvi za chuma ili aseniki izame pamoja na tope, kisha tope hilo lihifadhiwe kama taka ya sumu. Gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kwanza, pamoja na bei ya zirkoni. Karibuni kwa maswali.